Kisigino cha Mashine ya Korosho

Mejumaa mwanangu,

Salamu utazipata kesho alfajiri kwa mdomo, zangu na za mamako, kwa hiyo hapa siziandiki. Mambo ya sabuni na kufua soksi na kutokula vya watu usiowajua, mamako amekwisha kukuambia tangu juzi, na mjombako atakuambia tena njiani. Hii karatasi ni ya jambo moja tu. Isome ukiwa peke yako. Akija mtu karibu, ikunje kwanza, umwache apite.

Unaona? Hata barua naanza kwa kuificha.

Nyinyi mmekwenda Waa kumuaga bibi. Mimi nimebaki, nikasema nina baiskeli ya mtu ya kumaliza. Baiskeli hiyo niliimaliza jana. Nimefunga mlango wa mbele na wa uani, nimekaa juu ya ndoo, na sanduku lako la bati ndiyo meza. Mwandiko wangu unaujua, shule niliiachia darasa la tano. Palipo na herufi mbaya, kisia.

Jana nilikuona ukipanga hili sanduku. Ulitia sare, ukatia blanketi, kisha ukachukua korosho na maganda yake, mfuko mzima, ukazibana pembeni. Juu kabisa ukaweka lile daftari lenye mchoro wa mashine. Mamako akakuuliza, "Korosho za nini huko? Kwani shule haina chakula?" Ukamwambia, "Za maonyesho ya sayansi, mama. Nitaiunda mashine ya baba na wenzangu, tuwabangulie watu waone." Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika pampu. Nikatoka nje nayo. Najua ulidhani nimekasirika kwa sababu unakwenda kuitoa siri yangu huko bara. Sikukasirika. Niliogopa, na woga wenyewe una habari ndefu.

Nianze na vidole vya bibi yako. Umeviona vilivyo, ncha nyeusi, halafu laini kama sabuni iliyotumika. Amebangua korosho tangu usichana wake, zake na za watu. Kazi yenyewe unaijua: unazichoma juu ya bati lililotobolewa, mafuta ya ganda yanashika moto, unamwagia mchanga, kisha unakaa chini unagonga moja moja kwa jiwe. Yale mafuta yanakula ngozi. Unajipaka majivu, na bado yanakula. Siku aliyokwenda kubadilisha kitambulisho nilimsindikiza mimi, wewe ulikuwa bado hujaanza shule. Kijana wa kompyuta akamwambia aweke kidole kwenye kioo. Akaweka. "Futa mikono, mama." Akafuta kwa leso. "Weka kingine." Wapi. Vyote kumi, mashine imevikataa. Yule kijana akacheka, wala si kwa ubaya, akasema, "Mama, wewe ukiiba hukamatiki." Foleni nzima ikacheka, na bibi yako akacheka nao. Lakini nilimwona akiiingiza mikono ndani ya leso. Hakuitoa mpaka nyumbani.

Ndipo nikaanza.

Ilinichukua misimu mitatu ya korosho. Springi ya gari niliomba kwa fundi mmoja Ukunda, nikaikata, nikaipiga tupa mpaka ikapinda kama mgongo wa korosho. Visu viwili: cha chini kimelala, cha juu kimefungwa kwenye mkono, bawaba iko nyuma, na waya wa breki ya baiskeli unashuka mpaka kwenye pedali. Unaweka korosho iliyochemshwa ikakauka, unakanyaga, ganda linaachana. Moto hakuna, na mafuta huyagusi. Lakini mwanzoni ilikuwa inaponda. Kisu cha juu kikishuka sana kinavunja kokwa na kuyarusha mafuta juu. Mpaka nikapata kile kichuma kidogo nikakiita kisigino. Kinasimama chini ya mkono. Mkono ukishuka unakaa juu yake, na kisu kinakoma hapo hapo ganda linapopasuka. Kisigino kikiwa karibu sana na bawaba, kisu kinakoma mapema na ganda halifunguki. Kikiwa mbali, kisu kinashuka mpaka chini. Pahali pake ni pamoja tu. Mashine yangu yote ni hapo, mwanangu. Kwengine kote ni vyuma.

Msimu huo huo akaja bwana mmoja na gari jeupe. Alisema yuko kwenye mradi, sikumbuki wa nini. Akaniita boss. Mimi, kijana wa kuziba pancha, boss. "Hii kitu yako ni noma, boss, wacha niipeleke mbele." Akatoa simu, akaizunguka mashine akipiga video, mpaka chini ya pedali. Akanipa karatasi ya Kizungu, nikatia sahihi kwa sababu niliona haya kusema siisomi. Jina langu aliniuliza mwisho kabisa, tena dirisha la gari likiwa limeshapandishwa nusu.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwenye maonyesho ya wakulima. Nikaiona. Imepakwa rangi ya kijani, ina jina lililochapishwa vizuri, na mbele yake bwana mwengine kabisa anawaeleza watu jinsi walivyoigundua. Ungeniuliza nilijuaje ni yangu? Mguu mmoja wa mashine yangu ni mfupi, kwa sababu chuma kiliniishia nikauwekea kigogo. Na ile ya kijani mguu mmoja mfupi, umewekewa kigogo. Waliiba mpaka umasikini wangu.

Nilinyoosha mkono niulize. Nikautazama mkono wenyewe, mweusi kwa grisi, nikaushusha. Nikasimama nyuma ya watu nikaangalia. Walipobangua, kokwa zilitoka vipande vipande. Siku ya video nilikuwa nimekichomoa kisigino kukipiga tupa, kwa hiyo hawakukiona. Nilirudi nyumbani nikijiambia: kumbe kilichoniokoa ni kile nilichokuwa nimekificha. Hilo ndilo somo nililotoka nalo, na nililishika kama msahafu.

Nilikwenda hata Kwale, juu kule maofisini, kuuliza vipi mtu analindiwa kitu chake. Mashine niliitia ndani ya gunia nikalishona mdomo kwa sindano. Nikampata dada mmoja mpole, amevaa buibui, akaniamkia vizuri, akaniletea kiti.

"Haya kaka, tufungulie tuone."

"Haifunguliwi."

"Basi nieleze inavyofanya kazi."

"Inabangua."

"Inabangua vipi?"

Nikalivuta gunia karibu na miguu yangu. Akaliangalia gunia, akaniangalia mimi.

"Sasa kaka yangu, nikulindie gunia?"

Alisema kwa upole kwamba kitu kikitaka kulindwa ni lazima kwanza kiandikwe na kichorwe, na ndipo kijulikane ni cha nani. Mimi nikaona ni mtego. Vipi nikitoe ili kifichike? Nikalibeba gunia langu nikashuka nalo mpaka Kombani, na kutoka hapo sikurudi tena. Leo nikimkumbuka yule dada naona alikuwa ananiambia kweli. Lakini wakati ule hata ningeletewa malaika ningemwangalia mfukoni.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Nimelizunguka kwa kurasa mbili.

Kassimu mchomeleaji unamjua kwa kumpita njiani, maana hapa nyumbani haji. Zamani alikuwa haondoki. Tulisoma naye madrasa, tumechapwa fimbo moja. Miguu na mkono wa mashine ni yeye aliyevichomelea, bure, kisigino nikakitia mwenyewe nyuma ya nyumba asikione. Baada ya yale maonyesho alikuja jioni moja akakaa pale kwenye gogo.

"Yakhe, mamangu naye vidole vimekwisha. Nipe vipimo nimuundie moja. Siuzi, wallahi. Ni ya mama tu."

Nilimtazama. Nilikuwa nimekaa na huyu mtu maisha yangu yote, na siku ile nikaanza kumhesabia: mbona anauliza sasa? Mbona jana nilimwona amesimama na mtu wa gari? Mbona amesema hauzi kabla sijamuuliza kama anauza? Nikamchorea kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Kila kipimo nilimpa cha kweli isipokuwa kimoja.

"Na hiki kichuma kinakaa wapi?"

"Vidole vitatu kutoka kwenye bawaba," nikamwambia.

Ni viwili.

Nilijipangia hivi: kokwa zitamvunjikia, atachoka, atarudi kuniuliza, na hapo nitamjua ni mtu gani. Nilitaka kumpima. Sikufikiri kuhusu mafuta. Au nilifikiri nikayapita haraka, sijui. Miaka yote hii nimejiuliza na sijapata jibu ninaloliamini.

Mamake, Bi Nyamvula, aliitumia wiki moja. Kokwa zikawa zinapondeka, akainama karibu atazame kwa nini, na mguu wake uko kwenye pedali. Mafuta yakaruka yakaingia jicho la kulia.

Na huku kwetu, Mejumaa, unajua watu wanavyosema. Mtu ana minazi yake na anaogopa wezi, anakwenda kwa mganga anaifungia kirapo, dawa ile, na mwenye kuiba anavimba tumbo au anapofuka mpaka arudishe mali na kuomba radhi. Habari ya jicho ilipofika dukani, Mama Saumu akasema, "Ile mashine ina mwenyewe. Ameitia kirapo, nyinyi hamumuoni alivyo kimya?" Kufikia magharibi kila mtu alikuwa anajua.

Kassimu akaja. Hakukaa kwenye gogo.

"Niambie kweli, ndugu yangu. Umeweka kitu?"

"Kitu gani?"

"Unajua kitu gani."

"Mimi sijui."

"Hujui kama umeweka au hukuweka?"

"Mungu ndiye ajuaye," nikasema.

Nilisema maneno hayo nikiwa nimesimama hapa hapa mlangoni. Ningesema sikuweka kirapo, nimekupa kipimo cha uongo, kitoe kile kichuma ukisogeze, na mamako mpeleke hospitali sasa hivi. Ilikuwa ni maneno ya pumzi moja. Lakini nikaona, akiamini kirapo hataniuliza kipimo. Na wengine wote wakiamini kirapo, hakuna atakayeiga. Kufuli nimeletewa mkononi bila kuinunua, nikaifunga.

Asubuhi yake nilimwona Kassimu akipita na mbuzi jike wa mamake, anamvuta kwa kamba, anaelekea juu kwa mganga wa kutegua. Yule mbuzi alikuwa na mimba. Nilikuwa naziba pancha, nikainamisha kichwa. Yeye na mamake walikaa kule siku nne, wanateguliwa kitu ambacho hakikufungwa. Walipomshusha Bi Nyamvula kumpeleka hospitali, daktari aliwauliza mlikuwa wapi siku zote hizi. Lile jicho liko vile unavyoliona, jeupe.

Mtu mwengine wa kujua haya ni wewe, na umeyajua sasa hivi. Mamako hajui.

Na kufuli yangu ilifanya kazi, mwanangu. Hakuna aliyeniiga tena. Wala hakuna aliyeitaka. Wale kina mama wawili waliokuwa wakija kubangulia hapa waliacha kuja, wakarudi kwenye bati na moto. Mashine ikalala chini ya gunia na mnyororo. Bibi yako mwenyewe hakuigusa tena. Aliniambia macho yake bado anayahitaji. Alisema akitabasamu. Sikujua kama ananitania, nami sikumuuliza. Mamako anapenda kusema kwamba ningeweza, hata kivuli changu ningekitia kufuli. Anacheka akisema. Mimi hucheka pia.

Wewe ulikuwa darasa la nne. Ulirudi siku moja ukaniuliza, "Baba, kirapo ni nini?" Wenzako walikuwa wamekataa kuazima kalamu yako, ati watavimba mkono. Nikakujibu, "Ni maneno ya watu. Kula." Ukala. Hukuniuliza tena, na kalamu ukawa unakwenda nayo moja tu.

Kisha mwaka jana ukaja na daftari na rula, ukaniambia mwalimu wako wa sayansi anataka mchoro kamili. Yule mwalimu, nikuambie kweli, mpaka leo simwelewi. Anauliza mno. Mara nitumie picha, mara ipige kutoka upande huu. Pengine ni mwema. Ulikaa chini ukawa unachora, mimi nakutajia. Ukafika pale. "Na kisigino, baba?"

"Vidole vitatu."

Mdomo ulisema wenyewe. Sikuwa nakuogopa wewe, nilikuwa naogopa simu ya mwalimu. Lakini aliyekaa mbele yangu na rula alikuwa ni wewe, na nikakupa kile kile nilichompa Kassimu. Nikajiambia ni mchoro tu, mchoro haurushi mafuta. Nitakusahihishia baadaye. Baadaye ndiyo leo. Jana umetia korosho sandukuni, na wasichana wa watu watainama kutazama kwa nini kokwa zinavunjika.

Kwa hiyo nimelifungua daftari lako bila ruhusa, nisahihishe. Na hapo pembeni ya tatu nimekuta pamefutwa. Nimelisogeza dirishani kwenye mwanga nikasoma alama ya penseli. Umeandika: "Nimepima ni viwili. Labda nimekosea mimi."

Uliipima lini? Mnyororo uliupitaje? Ulijua. Ulijua ukafuta, na lawama ukajitwika mwenyewe, kwa sababu katika nyumba hii watu hawaulizi. Umejifunza kwangu. Sikukufundisha lolote kwa mdomo, lakini hilo umelishika.

Hukukosea, Mejumaa. Ulipima sawasawa.

Sasa ungetaka nikuambie uionyeshe mashine au uifiche. Sijui. Yule bwana wa gari jeupe alikuwa mwizi, sibadili neno, na wenziwe wapo, na huko uendako watakuwa wengi kuliko huku. Ukimwona mtu anapiga picha miguu ya kitu chako kabla hajakuuliza jina, funika. Karatasi usiyoielewa usiitie sahihi. Sema huielewi, haya haziui. Andika jina lako kwenye mchoro, na la bibi yako pia liandike, maana ilianza na vidole vyake. Ukitaka kuficha, ficha, sema "hii sisemi" na mtu ajue umemnyima. Mimi ningemnyima Kassimu hivyo, angenuna wiki moja. Ni kile cha kumpa mtu kitu huku umekitia ubovu ndani, hicho usikifanye. Nimekaa nacho miaka sita, na kila nikimwona Bi Nyamvula anageuza kichwa kizima ili anitazame kwa jicho la kushoto, ananiamkia yeye kwanza. Yeye mkubwa, ananiamkia mimi.

Kesho ukishaondoka nitakwenda kwa Kassimu. Nimeliandika hapa makusudi, nisipate pa kurudi nyuma. Siku watakayokuruhusu kupiga simu, usiniulize habari za nyumbani. Niulize, "Baba, ulikwenda?" Nikisema nilikuwa na baiskeli ya mtu, ujue sikwenda.

Sijui atanifanya nini. Amechomelea vyuma miaka yote hii, mkono wake si mwepesi. Pengine hatanifanya kitu, na hiyo ndiyo ninayoiogopa zaidi.

Nawasikia mnakuja, mamako anacheka na mtu hapo kwa Mama Saumu. Nitaificha hii chini ya blanketi.

Kwenye daftari nimeandika viwili kwa wino, juu ya pale ulipofuta. Lakini vidole vya watu havilingani, na huko watakuuliza ni vidole vya nani. Kwa hiyo hapa chini nimelaza vyangu viwili, cha shahada na cha kati, nikavizungushia kalamu. Pima upana wa vyote viwili pamoja. Mstari umetikisika kidogo kwenye kucha. Hapo usipashike, pima kwenye kiungo cha katikati, mkono wangu ulikuwa umetulia.

Babako